Salamu Kumi

Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa hesabu aliandika swali ubaoni: wasichana watano, wachaguliwe wawili wa kuwakilisha darasa. Je, kuna njia ngapi za kuwachagua? Akajijibu mwenyewe: ishirini.

Niliinua mkono. "Mwalimu, mimi nimepata kumi."

"Umepata kutoka wapi?"

"Nikichaguliwa mimi na jirani yangu, au jirani yangu na mimi, si ni sisi wawili walewale? Umetuhesabu mara mbili."

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Aliniita mbele, akanichapa viganjani kwa rula hadi nikashindwa kushika kalamu. "Hapa si Jericho sokoni," alisema, "mahali pa kubishana bei."

Alijua mama yangu aliuza vitambaa pale. Maneno yale yaliniuma kuliko rula.

Jioni hiyo mama aliona mikono yangu, akanitaka nimweleze hesabu yenyewe. Hakuwahi kupita darasa la tatu. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema, "Kesho sifungui kibanda."

Asubuhi alisimama mlangoni mwa darasa amejifunga leso kiunoni.

"Mama, hii ni hesabu ya sekondari," mwalimu alimwambia.

"Ndiyo, mwalimu. Naomba wasichana watano tu."

Watano tulikwenda mbele. Mama alituamuru kila mmoja amsalimie kila mwenzake kwa mkono, mara moja tu, naye akahesabu kwa sauti. Tulipomaliza alikuwa amefika kumi. Akamgeukia mwalimu. "Huyu akimpa yule mkono, hizo ni salamu mbili?"

Mwalimu alifuta ishirini, akaandika kumi. "Kitabu kina makosa ya chapa," alituambia. Kitabu nilikuwa nacho mezani. Swali lile halikuwemo.

Hakuniomba radhi, wala hakumwomba mama. Mama alishuka ngazi, akarudi sokoni siku ikiwa imeshaharibika.

Mwisho wa muhula ripoti yangu ilisema: hesabu, wa kwanza darasani. Chini yake, kwa mwandiko wa mwalimu yule: *Ana kiburi. Arekebishwe nyumbani.*

Nilimsomea mama. Alichukua kalamu, akatia sahihi yake ya herufi tatu kwa nguvu hata karatasi ikatoboka. "Mrudishie hivyohivyo," akasema.

Nimekuwa mwalimu wa hesabu miaka mingi sasa, na hasira ile haijanitoka. Sitaki initoke.