Kina cha mtaro kilivyonipeleka kumwomba mama mkwe migomba yake

Wakuu heshima kwenu, na walio wakubwa kwangu shikamooni.

Haya yalinikuta mwenyewe. Jumapili nasimama kwenye kwaya ya kina mama, siwezi kuja huku kuwatungia uongo.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, naishi Elerai hapa Arusha, nimeolewa Umeruni. Kazi yangu ni kuchora barabara kwenye kompyuta. Shule yangu ilikuwa ya jioni, mchana niko dukani, watoto wakiwa bado wadogo. Sioni aibu. Cheti ni cheti.

Enzi hizo kampuni binafsi ndo zilikuwa zimeanza kupewa kazi za kudizaini barabara. Ofisi yetu ilikuwa vyumba vya kupanga pale Kaloleni. Tukapata barabara moja ya vumbi inayokata ubavuni mwa Mlima Meru, inatakiwa iwe ya lami.

Kwa wasiojua: barabara ya mlimani lazima iwe na mtaro upande wa juu, upokee maji ya mvua yasimwagike kwenye lami. Kwenye software unaingiza kina, tuseme mita moja kwenda chini kutoka ukingo wa barabara, inakuchorea mtaro mwanzo hadi mwisho.

Rahisi sana. Ndo utamu wake na ndo hatari yake.

Nikaingiza mita moja, ikachora. Nilipofika sehemu anayoishi mama mkwe wangu nikasimama. Pale kuna mfereji. Nimechota maji yake tangu nikiwa bibi harusi. Unatoka mtoni huko juu, unavuka barabara kwa bomba la zamani, unamwagilia bustani za mboga za kina mama wa chini.

Kwenye data za survey haupo. Pameandikwa mmomonyoko.

Nikajua kilichotokea. Maji ya mfereji ule ni ya zamu. Leo wa juu ya barabara, kesho wa chini. Wapimaji walipita siku ya watu wa juu, maji yameishia kwao, wakakuta shimo kavu.

Sasa chimba mtaro wa mita moja hapo. Maji yote ya mfereji yanatumbukia mtaroni, yanateremka na barabara, yanapotelea bondeni. Kina mama wa chini hawapati tone. Na hizo mboga ndizo zinazosomesha watoto wao.

Nikamwambia injinia wetu, kijana mstaarabu tu wa Moshi. Akacheka.

"Mama Neema, usituletee mambo ya ukweni kwenye mchoro."

"Ukweni ni kwangu, sikatai. Twende siku ya zamu ya watu wa chini, uloane mwenyewe."

Tukaenda. Mfereji umejaa. Akakunja suruali, tukapima wote.

Tukakubaliana hivi: mtaro ukatishwe kabla ya kufika mferejini, maji ya mvua yavushwe kwa kalavati chini ya barabara yaende korongoni. Mfereji upewe bomba lake jipya. Ukishapita mfereji, mtaro unaanza upya kwa kina kidogo, kinaongezeka taratibu. Kwenye software inawezekana kabisa. Unaachana na ile namba moja, unaweka kina cha kila kipande.

Shida ikabaki moja. Ili maji yafike korongoni lazima yapite shamba la mama mkwe. Mstari mzima wa migomba.

Injinia akaniangalia. "Nani atamwambia?"

"Mimi."

Niliomba njia nzima, sifichi. Injinia yuko nyuma yangu, tukamkuta mama anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umekuja na majeshi."

Nikamweleza yote. Akanisikiliza, halafu:

"Barabara yote hiyo, kompyuta yako imeona migomba yangu tu?"

"Korongo liko kwako, mama."

"Kwa jirani halikuweza kuwepo?"

"Mungu ndiye aliyeliweka. Mimi nimelikuta."

Injinia akageuka pembeni kuficha kicheko. Mama akaendelea na maharage. Mambo ya fidia yapo, lakini mgomba ulioupanda mwenyewe ni kitu kingine. Ningeweza kumwambia tutatafuta njia nyingine. Njia nyingine haikuwepo.

"Na nikikataa?"

"Mtaro unachukua maji yote ya mfereji. Wewe una bomba uani, hutaumia. Watakaoumia ni kina mama wa jumuiya yako ya kanisani hapo chini."

"Kwa hiyo unanitishia na jumuiya."

"Nakwambia ukweli mama."

Akasukuma ungo pembeni.

"Kateni. Ila ule wenye mkungu usubiri nivune. Na wewe mkwe ndo utaubeba mpaka jikoni."

Niliubeba wakuu. Mzito kweli.

Barabara ilijengwa. Masika yalipokuja maji ya mvua yakaenda korongoni, na ya mfereji yakavuka kwenda kwenye mboga, kila mtu na zamu yake.

Nilichojifunza: kina cha mtaro usikijaze tu ukaenda kunywa chai. Uliza maji ya pale mwenyewe ni nani, na nenda siku ya zamu yake. Na kama mchoro wako unamgusa ndugu yako, nenda wewe ukamwambie, usitume mtu.

Mpaka leo mama mkwe akinitambulisha kwa wageni anasema, "Huyu ndiye aliyenikatia migomba." Kina mama wa chini wanacheka, halafu wananifungia mboga za mnafu za kupeleka nyumbani.

Walioko kwenye kazi hizi, Rungwe, Lushoto, Uchagani, nyie mifereji mnaivushaje? Na wenye mama wakwe pia mnakaribishwa kuchangia.