Nyangumi, Baba Mkwe na Boti Isiyo na Ghorofa

Nilikubali kwenda kuona nyangumi kwa sababu nilidhani boti ina ghorofa. Kosa ni langu, silikatai. Kichwani nilikuwa na ile meli ya kwenye kalenda, yenye madirisha safu juu ya safu, nikapanga mambo yangu vizuri kabisa: baba mkwe atakaa juu na wanawe apate upepo, mimi nitakaa chini na kamera yangu, na bahari kubwa vile itatutosha wote. Jiografia ya kidato cha nne nilifaulu, tena vizuri. Ndiyo maana sikuuliza mtu.

Kwa asiye wa kwetu nieleze, asije akadhani tulikuwa tumegombana. Kwetu Rungwe mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Hawaketi chumba kimoja, hawasemeshani, hawapishani njiani. Mzee akija kutoka Ikuti kutusalimia hapa Bagamoyo, hii Bagamoyo yetu ya Tukuyu yenye matope, si ile ya pwani, huanza kukohoa tangu kwenye kona ya duka. Mimi nikisikia kikohozi naacha nilichoshika naingia migombani. Nimeingia migombani na unga mikononi. Nimeingia nikamwacha mteja wa picha ya pasipoti kwenye stuli, anautolea ukuta macho. Wasichana wengi wa siku hizi wameacha, wanakaa sebuleni na wakwe zao wanatazama mpira. Mimi sikuacha. Mama yangu alinifundisha, na kusema kweli mwiko huo ulinifaa, maana mimi ni mtu wa nyumbani, kuonana na watu sikupendi sana.

Safari ilianzia kwenye macho ya mzee. Daktari alimwambia kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kinaondoka polepole. Mzee hakulalamika. Alisema tu kwamba amehubiriwa habari za Yona tangu utoto, amechuma chai mvuani mpaka mgongo umepinda, na kabla giza halijamfunga anataka amwone yule samaki kwa macho yake. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anafanya kazi Mtwara kwenye boti za kutembeza wageni. Akapiga simu: miezi hii ya baridi nyangumi wanapita, njooni, nafasi zipo.

"Na wewe uje, mama," mume wangu akaniambia. "Utampiga picha huyo nyangumi, tukirudi tunaikuza kwenye televisheni, baba anamtazama kwa karibu."

Hapo ndipo ningeuliza boti ina ukubwa gani. Nikauliza kama Mtwara kuna baridi.

Kwenye basi mambo yalikwenda. Mzee na mume wangu mbele, mimi kiti cha nyuma kabisa, narushwa kama bisi kwenye sufuria. Kila basi liliposimama nilingoja mzee akohoe akielekea upande wake, ndipo nami nishuke upande wangu. Abiria walidhani nina ugonjwa. Sikuwajibu, nilikuwa na ghorofa yangu inaningoja.

Asubuhi tukafika ufukweni nikaiona. Lilikuwa hori la kunyweshea ng'ombe lililofungwa injini. Benchi mbili zinazotazamana, magoti kwa magoti, na moja fupi huko nyuma karibu na injini. Basi.

"Shemeji, panda," mdogo wa mume wangu akasema. "Nyangumi hawamsubiri mtu."

"Ghorofa iko wapi?"

Alicheka mpaka akashika magoti. "Kaka! Kaka, njoo usikie, mkeo anatafuta ghorofa!"

Mume wangu hakucheka. Alifanya baya zaidi. Alinisogelea akaninong'oneza, "We geukia nyuma tu. Kwanza baba mwenyewe haoni vizuri, hata hatajua kama upo."

Hasira niliyoipata pale ninayo mpaka leo, nimeitunza kama watu wanavyotunza vikombe vya wageni. Yaani miaka yote ile ya kukimbilia migombani nilikuwa naziheshimu mboni za mzee, si mzee mwenyewe? Zikififia, basi naruhusiwa kumkalia usoni kama nimekalia kiti kitupu? Mtu akianza kupofuka, cha kwanza kuibiwa ni heshima. Leo mkamwana amkodolee macho, kesho watu wale nyama mbele yake wamwambie ni maharage. Na anayesema hivyo ni mwanawe wa kumzaa.

Ningerudi zangu, lakini mzee alikuwa ameshapandishwa. Alikaa amenyooka, amevaa koti lake la kanisani na jaketi la kujiokolea juu yake, mikono kwenye magoti, kama anayengoja kuitwa jina. Nikapanda. Nikajifunika kitenge kichwani, nikakaa benchi la nyuma, nikaugeuzia mgongo ukoo mzima. Mbele yangu ilikuwa injini, na mwendesha boti, ambaye magoti yake na yangu yaligusana kila wimbi lilipopiga. Yule baba alinionea haya kuliko mkwe wangu alivyopata kunionea.

Kulikuwa na wageni wengine wawili, mtu na mkewe kutoka Dar es Salaam, wenye miwani ya jua. Yule mume wa Dar akauliza kwa sauti, "Huyu dada kaja kupiga picha injini?"

Wakacheka. Mume wangu naye akacheka. Kidogo, lakini nilikisikia kicheko chake, nimekisikia miaka mingi, hakinipotei.

Huko baharini simu zikaanza kulia. Waendesha boti huambiana: wameonekana upande huu, mama na mtoto wake. Injini ikanguruma, boti ikaruka, na nikiwa nimeangalia nyuma nikaona boti nyingine zikitufuata, zote zinamkimbilia mzazi mmoja na mtoto wake kama vibaka wameona mkoba. Nikamwambia mwendesha boti, "Kaka, punguza, utamtisha." Akanijibu kwamba mgeni analipia kuona karibu. Nyuma yangu kelele zikapanda, simu zikainuliwa, na katikati ya kelele hizo nikamsikia mzee.

"Yuko wapi? Wanangu, yuko wapi?"

"Pale, baba, pale!" mume wangu akasema.

"Siyo pale, ni kule!" akasema shemeji. "Fuata kidole changu, baba!"

Fuata kidole! Mtu ambaye hajauona mkono anaambiwa afuate kidole. Pale, kule, hapo. Nilisikia koti la mzee likisugua benchi, anageuka huku, anageuka huku, na wanawe wawili, mmoja ana cheti cha chuo na mwingine analipwa kuonyesha nyangumi, wanamnyooshea bahari vidole. Nyangumi akazama, na mtoto wake akazama naye. Wageni wa Dar wakaanza kutazama walichorekodi. Mzee akauliza kama wameondoka. Hakuna aliyemjibu, maana wanawe na yule mwendesha boti walikuwa wanatupiana lawama nani kamfukuza.

Mimi nilikuwa nimepiga picha kadhaa za povu la injini. Ziko vizuri, mwenye kuhitaji aje.

Wakazima injini wapumzike, wakafungua soda. Boti ikawa inayumba tu. Na hapo, upande wangu, upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama isipokuwa mkamwana aliyefunikwa kitenge, bahari ikapumua. Ulikuwa mlio wa lori linapoachia breki za upepo kwenye mteremko wa kwetu. Harufu ikaja, ya dagaa waliosahauliwa. Mgongo mweusi ukapanda, ukazidi kupanda, ukateleza, ukazama. Niliinua kamera. Nilipaweka pale alipozama katikati ya kioo, na najua kazi yangu: anayepumua karibu vile atatokea tena.

Nikamsikia mzee anauliza kwa sauti ndogo, "Ni nini hicho kimenuka?" Wanawe walikuwa bado wanagombana.

Sikufikiri. Ningefikiri ningemwambia mume wangu amwambie, na mume wangu angesema "pale." Niliachia kamera ikaning'inia, nikasimama, nikageuka, kitenge kikaanguka, nikamtazama baba mkwe usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe, na nikampigia kelele kama ninavyowapigia watoto wa kipaimara wasiojua waangalie wapi.

"Baba! Kidevu bega la kushoto! Zaidi! Inua! Inua kidevu, baba, hapo hapo, usitikisike!"

Akafanya. Mzee yule alifanya kila nilichomwambia, kama askari. Kitu kikapanda nyuma yangu, nikasikia wenzangu wote wamepiga yowe mara moja, kisha mshindo, kisha maji ya chumvi yakanimwagikia mgongoni mpaka kiunoni. Wote waliona nyangumi karuka mzima juu ya maji, isipokuwa mimi. Mimi niliona uso wa mzee: macho yenye ukungu, mdomo wazi, maji yanamtiririka kwenye mashavu.

"Ndaga," akasema. Asante. Hakusema anamshukuru nani.

Nikaokota kitenge nikageukia injini. Picha sina. Yule wa Dar anayo, amenikata kichwa.

Tukapanda basi kurudi nyumbani. Lakini maneno yalitutangulia. Wiki iliyofuata shangazi, yaani dada wa mzee, akaita kikao Ikuti. Mkamwana amemtazama mkwe. Mkamwana amemwita kwa kinywa chake. Mkamwana, kichwa wazi, amemwamuru mzee wa kanisa ainue kidevu. Nilikwenda na jirani yangu, nisiende peke yangu kama mbuzi wa sikukuu. Tukaketi jikoni tunamenya ndizi, wao sebuleni, ukuta katikati, nasikia kila kitu.

"Kuku wa faini hatoshi," shangazi alisema. "Hili ni la mbuzi. Tena aombe radhi mbele ya ukoo."

Nilingoja mume wangu aseme. Angeweza kusema ni yeye aliyenipandisha kwenye hori lile. Angeweza kusema, "Baba alikuwa anauliza, na sisi tulishindwa kumjibu." Alikohoa. Mume wangu, aliyeoa mpiga picha ili amkuzie nyangumi, alikohoa, akanyamaza. Nilikata ndizi ile vipande vidogo mpaka jirani akaninyang'anya kisu.

Kisha sauti ya mzee ikapanda, ya kanisani kabisa.

"Nilimwona. Msinifunge mdomo, nilimwona. Mkubwa kama kanisa, kama kilindi chenyewe kimesimama. Alinitazama, nami nikamtazama. Dada, mti ukimwangukia mtu, mkamwana anauma ulimi kwa sababu ya mwiko? Anapiga kelele! Mimi nilikuwa napitwa na kitu ambacho nisingekiona tena. Huyo mtoto aliniita nikaona. Anayetaka mbuzi aje adai kwangu."

Shangazi akasema, kwa kuwa mzee ameona, basi. Wakaleta chai.

Nilitoka mle nimeshinda, na bado nilikuwa nimefura. Njia nzima kurudi nilimsemea jirani: mume asiye na mdomo, shemeji na vidole vyake, shangazi na mbuzi wake, wageni na simu zao, nyangumi karuka mgongoni kwangu na kuruka kwenyewe sijakuona. Nikasema angalau mzee ameona, hilo hawatanipokonya, kazi yangu hiyo, mimi ndiye niliyemwonyesha. Jirani alinisikiliza mpaka tulipofika mlangoni kwangu, akatua kapu lake, akasema:

"Wewe nawe unapenda kusifiwa. Mzee yule hakuona kitu, alisikia maji yanalia tu. Leo amemdanganya dada yake mchana kweupe ili wewe usitozwe mbuzi, kwa hiyo acha kununa, ingia ndani upike."