Nilivyotumwa Mlali Kuwarudisha Ng'ombe wa Mama

Safari hii ilianza kwa hasira ya Mama. Ng'ombe wake wachache wanalelewa Mlali na Mzee Ndahani, rafiki wa marehemu baba. Ndivyo tufanyavyo Wagogo wengi tuliohamia mjini: ng'ombe ni wako, zizi ni la mwenzio. Anayelea anapata maziwa na samadi, ndama wanabaki kuwa wako. Kuuza haruhusiwi. Sasa Mama, aliyekuwa amelazwa kwa matibabu ya macho, simu yake imezimwa, alirudi nyumbani kwetu Kikuyu, hapa Dodoma mjini, akapokea habari kwamba ng'ombe wake mweusi, aliyempenda kuliko wote, ameuzwa.

"Kawachukue wote, Nyemo," aliniambia. "Uwapeleke Chamwino kwa mjomba wako. Na usikae ukanywa maziwa ya watu, utalainika."

Asubuhi nilipanda basi la barabara ya Morogoro. Mimi hufundisha sheria za biashara chuoni, na njiani nilijipima kama ninavyowapima wanafunzi wangu. Anayefanya jambo kwa niaba ya mwingine ni wakala. Anachokifanya ndani ya mamlaka aliyopewa kinambana aliyemtuma, kama vile huyo mtumaji amekifanya kwa mkono wake. Mzee Ndahani alipewa mamlaka ya kuchunga, basi. Kwa hesabu hiyo alikuwa amekosa, na safari yangu ingekuwa fupi.

Chamwino nilishuka kidogo kumsalimu mjomba. Alikuwa anafunga miiba kwenye zizi.

"Nikipigiwa tu, lori linakuja," alisema. "Ila mwanangu, ng'ombe hutoka zizini kwa siku moja. Undugu ukitoka, kuurudisha ni kazi."

Mchana nilifika Pandambili, nikachukua bodaboda kuelekea Mlali. Ardhi nyekundu, mtama umeshavunwa, mabua yamesimama makavu. Pale senta, mchinjaji mmoja Mhehe alikuwa ameshajua nimekuja.

"Wewe ndiye binti wa mwenye ng'ombe? Kama umefuata nyama, mtani, tulishakula! Nenda kamdai fisi."

"Mhehe na fisi si ni baba mmoja?" nilimjibu.

Alicheka, kisha akawa mpole. "Ila niambie kweli, dada. Mama yako anaweza kunirudia mimi niliyemnunua?"

Nilimwuliza ilikuwaje. Akasema ng'ombe alitumbukia korongoni akavunjika mguu, akaletwa kwa mkokoteni akilia. Angesubiri kesho, angekuwa mzoga.

Hapo hesabu yangu ya kwenye basi ikaharibika. Sheria inatambua kwamba katika dharura, wakala asiyeweza kumpata aliyemtuma anaweza kufanya kile ambacho mtu mwenye busara angefanya kuokoa mali yake mwenyewe. "Hutarudiwa," nilimwambia, naye akanisindikiza hadi kwenye njia ya kwa mzee.

Jioni nilikuwa nyumbani kwa Mzee Ndahani. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mbukwa mwanangu," aliitikia, akiongeza salamu yetu ya Kigogo. "Karibu."

Kabla sijauliza, alitandika ngozi nyeusi mbele yangu. Kwetu ndivyo mlezi anavyotoa hesabu. "Nilimpigia shemeji, mama yako, mpaka simu ikaisha chaji," alisema. "Namba yako sina. Nikasema, nikikaa nitamwonyesha mifupa."

Kisha akanipeleka zizini. Alikuwapo mtamba mwekundu, mwembamba, pembe moja imeinama. "Pesa ya yule mweusi ndiyo hii. Niliogopa kukaa nayo, nyumba hii ina njaa."

Hilo lilikuwa jambo jingine kabisa. Dharura ilimruhusu kuuza, haikumruhusu kununua. Ununuzi ule ulikuwa wake mwenyewe, mpaka Mama aukubali. Akiukubali, aukubali wote, pamoja na pembe iliyoinama, tena akiwa ameambiwa kila kitu.

Mkewe, Mama Sechelela, alikuwa anawagawia wajukuu maziwa, akiwa ametupa mgongo. "Wakiondoka hawa," alisema bila kugeuka, "tutakamua mbuzi. Mbuzi wenyewe madume."

Nilitamani kumwambia wanabaki. Lakini mimi nami nilikuwa wakala. Nilitumwa kuchukua, sikutumwa kusamehe. Nikapanda kilimani kutafuta mtandao, mzee nyuma yangu.

Nilimweleza Mama yote: mguu, simu, ngozi, mtamba. Na wembamba wake pia, ingawa ningependa kuuruka. Wakala haruhusiwi kumchagulia mtumaji wake habari.

Mama akasema: "Mpe shemeji simu."

Walisalimiana, spika ikiwa wazi, wakaulizana macho na mvua. Halafu Mama akauliza kwa ukali, "Huyo mtamba mnamwitaje?"

"Hatumwiti, shemeji," Mzee Ndahani alijibu. "Jina hutoa mwenye ng'ombe. Sisi tunampigia mluzi."

Nilisikia Mama akivuta pumzi. "Basi mwiteni Sikuulizwa. Na wote wabaki hapo kwenu."

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Nami, mwalimu wa sheria, nilikuwa sijawahi kusikia ununuzi ukiidhinishwa vizuri namna ile, karipio ndani yake na yote.

Kesho yake nilimpigia mjomba nikamwambia lori lisije. Nikarudi Dodoma na kibuyu cha maziwa ya mgando mapajani. Nimefundisha miaka mingi kwamba uwakala ni mamlaka. Mlali nilijifunza ubavu wake wa pili: mtu kujua, hata akiwa peke yake na mali ya mwenzake, ni wapi mkono wake unakoma.

Mama alinipokea mlangoni, akakitazama kibuyu. "Nilikutuma ng'ombe."

"Uliyabadili maagizo kwenye simu, Mama."

"Nilijua utalainika," alisema, akaenda kuleta vikombe.