Betri Nane za Bibi Fatum

Karama Bajubair alikuwa fundi wa kufufua betri zilizokufa. Anafungua kifuniko, anamwaga uchafu, anaosha sahani za madini ya risasi, anatia maji mapya, na betri inaamka. Mikono yake imeliwa na asidi, kikoi chake kina matundu kama chujio. Mimi nauza asali duka linalopakana na lake hapa Mukalla, Yemen, na miaka ishirini nimemgombeza kwa ile harufu.

Kazi aliyoipenda kuliko zote haikumpa hata riali moja. Feni za msikiti wetu zilizungushwa na betri nane za sola, wakfu wa mama yake, marehemu Bibi Fatum, aliyeuza mkanda wake wa fedha ili azinunue. Karama aliamini kwamba maadamu zinafanya kazi, thawabu zinamfikia mama kaburini. Alikwisha kuzifufua mara tatu.

Kisha betri za lithiamu zikaanza kushuka bei. Mwanzo tulikuwa tunazitazama tu madukani. Mwaka huu, kununua mpya kukawa nafuu kuliko kumlipa Karama aiamshe kuukuu. Wateja wake wakawa wanapita mbele ya duka lake na lithiamu begani, hata salamu wanaisahau. Utovu wa adabu, nasema wazi.

Mwezi wa sita, betri moja ya msikiti ikafa kabisa. Ustadh Bahaj, msimamizi wa msikiti, akaja dukani kwa Karama.

"Ami Karama, kuna mtu wa heri anataka kutununulia lithiamu. Moja tu inatosha badala ya zote nane."

"Na za mama?"

"Zimezeeka, ami."

"Hata wewe umezeeka, mbona hatujakubadilisha?"

"Mwulize mke wangu, yuko mbioni."

Walicheka, lakini Karama aliacha kucheka mapema. "Nipe mpaka Ijumaa," akasema.

Hakuna mtaani ambaye hajamsikia Karama akifoka: betri mpya usiifunge pamoja na kuukuu, zitainyonya mpaka ife nazo. Alhamisi nikamwona anasukuma toroli kuelekea msikitini, ndani yake betri mpya moja ya risasi.

"Karama, wewe! Unajua itakavyokuwa."

"Najua. Nyamaza."

Nikanyamaza. Najuta mpaka leo.

Ijumaa, katikati ya hotuba, feni zikasimama zote. Joto likatushukia. Hotuba inaposomwa mtu hasemi neno, na kweli hakuna aliyesema. Vichwa tu viligeuka, safu baada ya safu, kumtazama Karama. Afadhali wangemtukana.

Jumatatu lithiamu ikaja, kisanduku cheupe, fundi kijana akakitundika ukutani. Karama alikipapasa pande zote akitafuta skrubu.

"Inafunguliwa wapi, mwanangu?"

"Haifunguliwi, ami. Ikifa unanunua nyingine. Mpaka wakati huo zitakuwa bei ya kuku."

Wakfu ukichakaa huuzwa, na thamani yake hutiwa katika kitu cha namna ile ile. Ustadh Bahaj alifuata sheria, na Karama mwenyewe akazipakia betri za mama kwenye gari la mnunuzi wa vyuma chakavu. Lakini lithiamu ilikwisha kulipiwa na yule mtu wa heri. Kilichobaki kununuliwa kwa fedha za Bibi Fatum ni waya, kutoka kwenye kisanduku mpaka feni ya kwanza.

Siku hizi Karama anaswali chini ya feni hiyo. Watu wakitoka, anachukua kitambaa na kuufuta waya vumbi, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Juzi nilimkuta amesimama, ameushika ule waya.

"Ndugu yangu," akaniuliza, "watakapobadilisha kile kisanduku, na waya watautoa?"

Mimi muuza asali, umeme siujui. Nikamwambia hawatautoa. Hakuniamini, wala mimi sikujiamini. Akainama akaendelea kufuta.