Mwalimu wa Matanga

Mwalimu wa matanga ya mashua ana mdomo wa karani na mikono ya mtu mwingine kabisa. Darasani, meza iliyopinduliwa ndiyo chombo, ufagio ndio mlingoti, na ole wako useme "mbele" wakati mbele ya chombo huitwa omo. Hakusikii mpaka ujirekebishe. Huku anakukaripia, vidole vyake vinafunga na kufungua mafundo kwenye uzi wa filimbi iliyo shingoni mwake, bila yeye kuviangalia, kana kwamba vimeajiriwa kivyao. Mwenye duka la vyombo vya jikoni, mwanafunzi wake mbishi kuliko wote, aliona huyu bwana anauza maneno matupu. "Mwalimu, kwani upepo nao unayajua haya majina?"

"Unayajua kukushinda, mama."

Siku ya kwanza ziwani, tanga liligeuka ghafla likamsukumia majini mwenye duka, naye kuogelea kwake ni kwa kubahatisha. "Niko huku nyuma! Nakufa jamani!"

"Tezi," alisema mwalimu, wala hana haraka. "Nyuma ya chombo ni tezi, mama. Sema."

Mama alikuwa bado anatafuta tusi la kumfaa, maji yamemjaa mdomoni, boya lilipotua kifuani pake, kamba yake imeshakazwa na inamvuta. Mikono ya mwalimu haikungoja jibu. Mdomo ndio uliokuwa bado unalisubiri.