Dobi na Vibakuli vya Mgomba

Théoneste alikuwa dobi huko Kanombe, karibu na uwanja wa ndege, na madoa aliyajua kuliko alivyowajua majirani zake. Akilishika shati lako angekwambia jana ulikula nini, na pengine ulikula na nani. Doa moja tu alikiri kwamba lilimshinda: la utomvu wa mgomba. "Hilo," aliwaambia wateja, "utazikwa nalo."

Mkewe, Nyirahabimana, aliuza sambusa kwenye stendi ya mabasi ya Nyabugogo, akizifunga kwa magazeti ya zamani. Siku moja mwaka 1992 mteja alimrudishia sambusa iliyochapwa kichwa cha habari ubavuni, kikisomeka bila shida. Nyirahabimana alicheka. Théoneste, aliposimuliwa, hakucheka. Aliona hapo kazi inayomngoja mtu mwenye akili.

Alikwenda kuokota maganda ya mashina ya migomba iliyokwisha kuvunwa, yale ambayo watu huyaacha yaoze shambani. Aliyaanika, akayanyunyizia maji kidogo, akayapiga pasi ya makaa mpaka yakalainika kama ngozi, kisha akayakunja na kuyashona kwa nyuzi za mgomba huohuo. Vikatoka vibakuli vya kupendeza vya kutilia sambusa badala ya magazeti. Wiki nzima jirani hakuweza kumsalimia bila kuonyeshwa kimoja.

Sifa zikamtia haraka. Maganda ya mwisho aliyapiga pasi mabichi. Utomvu ukaganda chini ya pasi, na kesho yake ukahamia kwenye blauzi nyeupe ya Claudette, karani wa uwanja wa ndege.

Théoneste aliifua blauzi ile mara nne. Akaipaka ndimu, akaianika, akaiombea. Siku ya tatu Claudette akaja.

"Mzee, blauzi yangu iko wapi?"

"Bado inakauka, Madamu."

"Siku tatu? Kwa jua hili?"

Akaileta. Claudette aliitazama, kisha akamtazama yeye. "Doa la nini hili?"

Théoneste alikohoa. "La mgomba."

"Lile la kuzikwa nalo?"

Ilibidi amnunulie nyingine. Nyirahabimana akaificha pasi, akatafuta njia yake: maganda makavu kabisa, yaliyoloweshwa kidogo na kubanwa kati ya mbao mbili, jiwe la kusagia juu. Kufikia Noeli wauza sambusa wenzake walikuwa wanakuja kujifunza kwake.

Théoneste hukaa hapo kando akiwaeleza wageni jinsi alivyoyagundua yote. Mkewe humwacha aeleze, mradi asiguse kitu.