Siku Masafa Aliposhuka Ngazi

Walimwita Masafa tangu ujanani, kwa sababu hakuna dereva mwenzake aliyependa njia ndefu kama yeye. Wengine walililia safari za karibu ili jioni wawe kwao. Yeye akipewa mzigo wa kuvuka mipaka alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Lori lake alilichora mwenyewe. Nyuma aliweka chui mwenye macho ya kijani, ubavuni maua, na kila akirudi safari aliongeza kitu, mpaka tajiri wake akamwomba abakize nafasi ya kuandika jina la kampuni.

Kisha breki zikakataa mteremkoni. Utingo wake ndiye aliyemchomoa kwenye kichwa cha lori, akampakata barabarani mpaka msaada ulipofika. Hospitalini walimkata mguu wa kulia juu ya goti. Wa kushoto waliuacha, ila goti lake halikukubali tena kubeba mtu. Akarudishwa nyumbani kwake, vyumba viwili ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti.

Siku ile ya kurudi ilimfunga kuliko mguu wenyewe. Vijana walimkaza kwenye kiti kwa shuka, wakampandisha ngazi wakihema na kuamrishana, na majirani wakatoka milangoni kumpa pole. Walipofika ghorofa ya pili, mkojo ukamponyoka. Ulitiririka ngazini mbele ya macho ya watu. Hakuna aliyesema neno, na kule kunyamaza kwao kulimchoma kuliko ambavyo kicheko kingemchoma. Alipowekwa kitandani alimwambia mkewe kwamba ngazi zile hatazishuka tena ila akiwa amelazwa na kufunikwa.

Mkewe, mpishi wa jikoni hospitalini, alidhani ni maneno ya uchungu, yatapita. Hayakupita. Mvua zilikuja zikaenda, zikaja tena, na Masafa yuko palepale. Asubuhi mke alimsogezea chai na chupa ya maji, akaweka kopo karibu na kiti, akaenda kazini. Masafa akabaki na dirisha. Lilitazama ukuta wa shule, kipande cha barabara na mlango wa ukumbi uliokuwa ng'ambo. Aliyajua magari kwa mlio: hili klachi imeisha, lile dereva wake kagombana na mtu. Dirisha likimchosha aligeuza kiti cha magurudumu akautazama mlango; mlango ukimchosha alirudi dirishani. Magurudumu yalikuwa yamechora njia nyeusi sakafuni kati ya hivyo viwili. Ndiyo njia pekee iliyombakia.

Marafiki walikuja kwa makundi mwanzoni, baadaye mmojammoja, baadaye kwa simu. Utingo peke yake ndiye aliyeendelea kumtembelea, kila lori lake jipya lilipomleta mjini.

Mwenye jengo alipogeuza uwanja wa chini kuwa maegesho, watoto wakakosa pa kuchezea. Ghorofa ya pili aliishi mwalimu mmoja mstaafu, mjane, aliyekuwa akiwakusanya watoto hao jioni kuwafundisha kuigiza. Alizunguka jengo zima, akaona korido pana kuliko zote ni ile ya ghorofa ya tatu, mbele ya mlango wa Masafa. Akapanda kuomba radhi mapema. Masafa alimjibu mlango ukiwa umefungwa kwamba korido si ya baba yake, anachotaka ni wasipige kelele.

Walipiga kelele. Mchezo wao ulihusu wanyama waliokaukiwa na maji, wakamtuma kobe akalifuate wingu lililotoroka. Kobe alikuwa binti mwembamba mwenye pengo la meno ya mbele, na kila jioni alisahau maneno yake palepale. Masafa alifungulia redio, lakini maneno ya kobe yalipenya, yakamkaa kichwani mpaka akawa anayasema huku akinyoa ndevu.

Jioni moja binti akakwama tena. Mwalimu akasubiri. Wenzake wakaanza kumcheka chinichini. Masafa akajikuta anapaza sauti kutoka ndani: "Natembea polepole, lakini njia naijua!"

Nyayo zikakimbilia mlangoni. Kisha sauti ndogo ikaja kwenye tundu la ufunguo. "Babu, na yanayofuata unayajua?"

"Babu yako nani?" Masafa akauliza.

"Basi, mjomba."

Akafungua mlango.

Tangu siku hiyo alikaa pale kizingitini kila jioni, akiwakumbusha maneno na kuwagombeza simba waliounguruma kwa aibu. Mwalimu akagundua kwamba yule chui aliyekuwa akizunguka na lori miaka ile ni kazi ya mkono wa Masafa. Alimletea mashuka makuukuu yaliyoshonwa pamoja, akamwomba achore mto wa kuweka nyuma ya waigizaji. Utingo akaleta rangi. Masafa akatandaza shuka ukutani, akachora asubuhi nzima akisahau hata chai, na alipomaliza, pale palipotakiwa kuwa na mto palikuwa na barabara. Ilipanda vilima, ikajikunja, ikapotelea mbali.

Mwalimu aliifuata kwa kidole mpaka ilipopotelea. Akamkumbusha kwamba alimwomba mto.

Masafa alisema mto hajazoea, angeweza kumchorea mfereji tu. Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Akaamua kwamba wanyama watapita barabarani kama watu wengine.

Watoto wakishaondoka, Mwalimu alibaki kidogo kwa kikombe cha chai. Alimsimulia kwamba tangu mumewe afariki amekuwa akizungumza na sufuria zake, na kwamba kuna moja ina majibu mabaya. Masafa alimsimulia njia: wapi ukungu hushuka mchana, wapi kuna mama muuza chai anayewaita madereva wote wakwe zake. Siku moja, bila kupanga, akajikuta amefika kwenye ile habari ya ngazi. Aliisimulia akitazama sakafu.

"Nilikuwepo," Mwalimu akasema. "Mimi ndiye niliyepiga deki. Maji na sabuni, yakaisha. Wewe ndiye bado unapiga deki mpaka leo."

Masafa alikasirika. Hakumsemesha hadi kesho yake jioni, kobe alipogonga mlango kuuliza kama mjomba anaumwa.

Siku ya onyesho ikakaribia. Lingefanyika kwenye ule ukumbi wa ng'ambo. Mwalimu alisema fundi mwashi na muuza nyama wa chini wako tayari kumbeba. Masafa akakataa katakata. Angebebwa na utingo peke yake, kwa sababu utingo alishamwona katika hali mbaya kuliko zote. Utingo akaahidi. Mke akampigia pasi shati la rangi ya maziwa, Masafa akalivaa mapema, akakaa akiangalia mlango.

Mchana simu ikalia. Lori lilikuwa limezuiliwa mpakani. Utingo aliomba radhi karibu alie.

Mwalimu alipanda kumbembeleza. Fundi na muuza nyama walisimama kwenye korido, mikono nyuma, wakijifanya hawasikii. Masafa alitikisa kichwa tu. Walipoondoka, mkewe alichukua mtandio wake.

"Mimi nakwenda kuwaona watoto," akasema. "Usifikiri umefungwa humu peke yako. Nimefungwa na mimi. Tofauti yetu ni kwamba mimi nimepewa ruhusa ya kwenda kazini."

Akafunga mlango polepole, na ule upole ulikuwa mbaya kuliko kuubamiza.

Kutoka dirishani Masafa aliona barabara yake ikivuka barabara. Watoto walikuwa wameikunja na kuibeba mabegani, nyuma yao kobe na beseni mgongoni. Mlango wa ukumbi ukafungwa. Aliyasema maneno yote kimoyomoyo akijaribu kwenda nao sambamba, lakini alipotea, kwa sababu watu walicheka mahali ambapo yeye hakujua kwamba pana kichekesho. Makofi yalipolia alivua shati, akalitupa kitandani.

Mkewe aliporudi aliulizwa swali moja tu: kobe alisahau? Akajibu kwamba hakusahau hata neno. Habari hiyo ilimfurahisha Masafa na kumuumiza kwa pamoja.

Baada ya hapo watoto waliruhusiwa kufanyia mazoezi ukumbini. Korido ikarudi kuwa korido. Mwalimu alikuwa na shughuli nyingi, akapita mara mojamoja, akataja kwamba anatengeneza mchezo mwingine, wa watu wanaoishi ndani ya sanduku la barua. Masafa alitaka kuuliza sanduku hilo lina rangi gani. Hakuuliza. Magurudumu yaliendelea kupita kwenye njia yao nyeusi.

Ikafika asubuhi isiyo na jambo lolote. Mkewe alikuwa ameshaondoka. Masafa alifungua mlango, akajishusha kutoka kwenye kiti hadi sakafuni, akajisukuma kwa mikono hadi ukingo wa ngazi. Alitua matako ngazi ya kwanza, akapumzika. Akatua ya pili. Goti lililegea, suruali ikashika vumbi, jasho likamwingia machoni. Mama mmoja wa ghorofa ya juu alikuwa akishuka na ndoo, akasimama asijue la kufanya.

"Pita, mama," Masafa akamwambia. "Lori bovu linasogea pembeni."

Mama akapita akicheka, akamwuliza kama anahitaji maji. Masafa alifika ghorofa ya pili. Alipatazama mahali penyewe. Palikuwa na saruji, ufa, na ganda la pipi.

Alipogonga, Mwalimu alifungua mlango, akatazama mbele, asione mtu, akateremsha macho. Hakupiga kelele wala hakumsaidia. Alisogeza mkeka. "Ingia," akasema. "Shuka la mchezo mpya liko chini tayari, na mimi magoti yangu hayapindi."

Masafa alichora akiwa sakafuni mchana kutwa. Watoto walipotoka shuleni walimzunguka, wakamuuliza mtu akiishi ndani ya sanduku la barua anapata wapi jua. Akawachorea upenyo, na mwanga unaoingia kupitia humo.

Jioni mkewe alikuta kiti kitupu na mlango wazi. Alishuka mbio, moyo mkononi, akavutwa na kicheko alichokuwa amekisahau. Alisimama mlangoni kwa Mwalimu na mkoba begani.

"Nani amekushusha?"

"Matako yangu," Masafa akasema.

Watoto waliangua kicheko. Mkewe hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha Mwalimu, akavua viatu, akanywa chai aliyopewa bila kuuliza ni ya nani.

Kupanda kulikuwa kugumu zaidi. Masafa alipanda kinyumenyume, akijiinua kwa viganja vilivyokwishachubuka, na mkewe alifuata ngazi moja chini yake, ameushika ule mguu wa kushoto usijigonge. Walipumzika kila walipotaka. Katikati ya ngazi taa ilizimika, nao wakabaki wamekaa pale gizani, mkewe akimuuliza sanduku lenyewe alilipaka rangi gani.